Kila Wiki Mbili Mtoto Huyu Anaagwa Upya. Nikaseme Nini Kikaoni?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 36, mlezi kwenye makao ya watoto huku Mufindi, mwaka wa nane sasa. Tuna watoto 31, na tisa kati yao hawajatimiza miaka minne. Walezi tuko wanne, wawili mchana na wawili usiku. Kuna mpishi na mlinzi, basi. Mshahara wangu ni shilingi 180,000 kwa mwezi na sijawahi kucheleweshewa. Nalisema hilo kwanza ili usidhani nina kinyongo na walioniajiri.

Kila mwaka kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kipindi ambacho ukungu huku hauondoki mpaka saa nne asubuhi, tunapokea wageni wa kujitolea kutoka nje ya nchi. Mavolontia, kama wanavyoitwa hapa kijijini. Wanaletwa na kampuni moja ya safari: makundi sita, kila kundi watu sita, kila kundi wiki mbili. Wengi ni vijana wa miaka 18 mpaka 22. Asubuhi watatu wanakwenda kufundisha Kiingereza shule ya msingi ya jirani, watatu wanabaki na watoto wadogo. Jumamosi wote wanapanda gari kwenda vijijini kwa kazi inayoitwa afya ya jamii. Kila mgeni anaacha makaoni shilingi 100,000 kwa wiki. Fedha hiyo ndiyo inayonunua mahindi na kuni na kulipa michango ya shule. Tunaihitaji kweli.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mtoto mmoja. Nimwite Baraka, ingawa si jina lake. Ana miaka mitatu na miezi miwili. Aliletwa akiwa na miezi mitano baada ya mama yake kufariki. Ana bibi yake Kilolo, ambaye huja kila baada ya miezi miwili na mfuko wa viazi au njegere, anakaa naye saa moja hivi kisha anawahi basi. Mwaka huu kundi la kwanza lilikuwa na dada mmoja aliyempenda sana. Alimbeba kutwa, akamlisha, akamlaza. Siku ya kuondoka mtoto aling'ang'ania mkoba wake mpaka tukambandua vidole kimoja kimoja. Siku tatu hakula zaidi ya vijiko vichache vya uji. Kundi la pili liliposhuka garini alimkimbilia kaka ambaye hajawahi kumwona, akamwita mama. La tatu vivyo hivyo. Kufikia kundi la tano hakulia tena. Alisimama getini, akapunga mkono, akarudi ndani akakaa anatazama ukuta. Wenzangu wakasema afadhali, amekua. Mimi hapo ndipo nilipoogopa. Sasa ni Septemba, amerudi kukojoa kitandani, na kwenye kadi ya kliniki uzito wake haujapanda tangu Juni.

Kuna mengine. Julai mgeni mmoja aliwachukua wasichana wetu wawili, wa miaka 11 na 12, akaenda nao hotelini Iringa mjini kuogelea, bila mlezi, wakarudi saa tatu usiku. Walirudi salama. Jioni wageni wanaruhusiwa kugawa dawa kwa watoto wetu sita walio kwenye ARV, na nimeonyeshwa picha mtandaoni, mtoto anacheka na nyuma yake kadi za CTC, yaani za kliniki ya VVU, zinasomeka. Na Jumamosi moja kijana ambaye hata chuo hajaanza alimpa mtoto wa kama mwaka na nusu kidonge kizima cha minyoo, mtoto akapaliwa. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemwinamisha na kumpiga mgongoni mpaka kikatoka.

Nilimweleza mwenyekiti wetu. Akanijibu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenzangu wanasema ni wivu, kwamba naumia kwa kuwa watoto wanawakimbilia wageni wakatupita sisi. Neno hilo limenikaa. Nalala nalo.

Mwezi ujao kuna kikao cha bodi. Kampuni inataka kuanzia Januari ilete makundi mwaka mzima. Nimepangiwa nisimame kwa niaba ya walezi niseme watoto wanafurahi. Nikisema hivyo nitakuwa nimesema uongo mbele ya watoto wangu. Nikikataa nahofia kazi, maana nina wawili sekondari. Na wageni wakisitishwa, watoto 31 watakula nini? Nimewaza kwenda ustawi wa jamii. Nimewaza pia kuacha kazi kimya kimya.

Tena si wote wabaya. Mwaka juzi alikuja muuguzi mstaafu akakaa miezi mitatu. Watoto hakuwabeba sana. Alikuwa na sisi walezi, akatufundisha kuchanganya ORS, ile dawa ya mtoto anayeharisha, na kusoma mstari wa uzito kwenye kadi. Ndiyo maana leo naona kuwa wa Baraka umelala. Kwa hiyo hata sijui shida ni wageni au ni mimi.

Mlezi, Mufindi

Marahaba, mwanangu.

Umepangiwa kusema sentensi moja, watoto wanafurahi, na umeona kuwa haitoki. Nyuma yake kuna mambo manne yaliyofungwa kamba moja: mtoto anayenyauka, fedha ya mahindi, ajira yako, na tuhuma ya wivu. Nadhani uzito unaousikia unatokana na kuyabeba yote kwa mkupuo. Tuyafungue, na nianze na la wivu kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi.

Inawezekana kuna wivu kidogo. Mtu aliyeamka usiku miaka minane kubadilisha nepi, kisha akamwona mtoto anamkimbilia mtu wa juzi, akasikia kitu kifuani, hajakosa. Lakini wivu haubadilishi mizani ya kliniki. Uliyoandika yana tarehe, yana idadi ya vijiko, yana mstari wa uzito. Wenzako wangeweza kuwa sahihi kuhusu moyo wako na wakawa wamekosea kuhusu mtoto.

Wewe uliogopa Baraka alipoacha kulia. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa hapo jirani Uganda, akitembelea familia 26 za Waganda kila baada ya wiki mbili hivi, akitazama vichanga na mama zao. Aliona kuwa mtoto mwenye mtu wake hutambaa akaenda kuchezea vitu, akigeuka kumtazama mama, akirudi, akienda tena. Mtu huyo ni kituo anachoanzia safari. Mtoto asiye na kituo anaweza kumrukia yeyote anayeshuka garini, na wengi wetu tukimwona tunasema ni mchangamfu, hana haya. Watafiti wa watoto wanaolelewa kwenye taasisi wanaijua tabia hiyo vizuri, na hawaihesabu kuwa uchangamfu. Na kilio cha kuagana, kikiwa na mtu wa kukipokea, ni dalili kuwa mtoto bado anatarajia kitu. Ukimya wa getini unahitaji kutazamwa kwa makini zaidi.

Hata hivyo, usiuweke uzito wake wote kwenye huzuni. Mtoto wa miaka mitatu huongezeka kama kilo mbili kwa mwaka. Kusimama miezi mitatu mfululizo ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya wiki hii, kabla ya kikao chochote. Waangalie minyoo, mkojo, damu, na waulize kama kuna kikohozi cha muda mrefu nyumbani, maana kifua kikuu kwa mtoto mdogo mara nyingi hujionyesha kwa uzito kugoma tu. Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano ni jambo la kawaida. Kwa Baraka kinachofaa kutajwa ni kwamba alikuwa ameacha, akarudia. Mwambie muuguzi hivyo hivyo.

Sasa niruhusu nikuulize jambo ambalo barua yako imeligusa ikapita. Mchana mko walezi wawili kwa watoto 31, na tisa ni wa kubebwa. Wakati mnaogesha, mnafua na kulisha, ni mapaja ya nani yaliyo wazi? Mgeni ndiye mtu mzima pekee makaoni asiye na beseni mkononi. Watoto wanakwenda palipo na nafasi. Ndiyo maana sidhani kwamba wageni wakiondoka leo, peke yake hilo litampa Baraka mtu. Litampa ukuta ule ule, bila wa kumsumbua. Shida yako ina tabaka mbili: nyuso zinazopita, na mikono michache ya wanaobaki.

Hapo ndipo muuguzi wenu mstaafu anapofundisha kitu. Alifanya nini tofauti? Aliwashika nyinyi, watoto akawaachia nyinyi. Mnaweza kulifanya hilo utaratibu hata mkiwa na wageni wale wale: mgeni afue, mlezi abebe. Wageni wapasue kuni, wateke maji, waoshe vyombo, wamenye viazi, wapake rangi mabweni, wakae na watoto wakubwa kwenye masomo ya jioni mlezi akiwepo. Wale tisa wadogo wagawanywe kwa walezi wanne, wawili wawili na mmoja achukue watatu. Mlezi akiwa zamu, ni yeye anayeogesha, anayelisha na anayelaza hao wake, hata kama mwenzake yuko karibu zaidi na beseni. Zamu ya mchana na ya usiku zipangwe ili kila mtoto awe na wa kwake mmoja na msaidizi mmoja, hao hao, miezi yote. Ni mpango usiogharimu shilingi, lakini ni mgumu kuushika. Utavunjika mara ya kwanza mlezi akiugua, na utavunjika tena kila mgeni atakapolia kwamba alisafiri ili awe na watoto. Kampuni italalamika pia, kwa sababu picha ya kumkumbatia mtoto mdogo ndiyo inayouza safari.

Kwenye fedha, chukua karatasi. Wageni 36, kila mmoja wiki mbili, ni wiki 72. Mara 100,000, ni shilingi 7,200,000 kwa msimu. Wageni sita wakikaa wiki 12 kila mmoja ni wiki 72 hizo hizo na fedha hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba watoto wataona nyuso sita badala ya 36. Na pendekezo la mwaka mzima? Makundi 26 ya watu sita ni nyuso 156 kwa mwaka. Nadhani hakuna mjumbe wa bodi yenu aliyewahi kuiona namba hiyo imeandikwa. Kuna na hesabu nyingine ya kuweka kando yake: mlezi mmoja wa 180,000, ukiongeza asilimia 10 ya mwajiri kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, anagharimu 2,376,000 kwa mwaka. Fedha ya msimu mmoja ni walezi watatu, inabaki 72,000. Najua imeshaliwa na mahindi. Lakini makundi ya mwaka mzima yataleta fedha zaidi, na swali la haki kuliuliza bodi ni ngapi kati ya hizo zitakuwa mikono ya kudumu.

Upande wa mahindi pia kuna nafasi ya kupumua. Watoto 31 wakila gramu 300 za unga kwa siku ni kama kilo 280 kwa mwezi, takriban gunia tatu. Mnanunua lini? Makao mengi hununua gunia moja moja, na Februari bei huwa imeshapanda. Huku kwetu mahindi ni rahisi Julai na Agosti, wakati ule ule ambao fedha ya wageni inaingia. Gunia 20 zikinunuliwa zikiwa zimekauka vizuri na kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mdudu dumuzi hapati pa kuishi, na hamtamhitaji mgeni wa Februari kwa ajili ya ugali. Mahindi yakifungwa na unyevu, na Mufindi unyevu si mgeni, yataota ukungu mfuko mzima, na huo una sumu. Yaanikwe mpaka punje ikivunjwa kwa jino itoe mlio.

Wiki 12 nazo zina matatizo yake. Watu wenye nafasi ya kukaa hivyo ni wachache, na kampuni inayopata faida kwa kila anayewasili itapungukiwa. Tena mtu wa miezi mitatu akiachiwa wale tisa atakuwa mama kamili, na kuondoka kwake kutauma kuliko kwa mtu wa wiki mbili. Kwa hiyo urefu wa kukaa peke yake hautibu. Unasaidia pale tu ambapo kazi ya mgeni iko kwa watu wazima na watoto wakubwa. Na kwa vyovyote vile, viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya bure. Anayejitolea anatakiwa awe na kibali chake. Wa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi daraja C, na kwa muda mfupi ofisi ya uhamiaji ya mkoa ndiyo ya kuuliza. Akikamatwa, mwenyeji naye ana la kujibu.

La shule nitalipitia haraka. Kundi jipya kila wiki mbili maana yake darasa la tatu linarudia rangi na namba mara sita huku mwalimu amekaa ofisini akisubiri. Mwalimu asitoke darasani. Mtaala ni wake. Mgeni anafaa zaidi kwenye mazungumzo ya vikundi vya watoto watano watano, au mchana kukaa na walimu wenyewe wanaotaka kuongeza Kiingereza chao.

La Jumamosi ni zito zaidi. Dawa ya minyoo, albendazole, ya miligramu 400 ni dozi ya mtoto aliyetimiza miaka miwili. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka miwili hupewa nusu, miligramu 200, na chini ya mwaka hapewi. Kidonge cha mtoto mdogo husagwa na kuchanganywa na maji, wala hashikwi kwa nguvu akilia, maana hapo ndipo anapopaliwa. Nani aliwauliza zahanati na shule kama dawa za minyoo za kampeni zilishapita mwezi ule? Kazi ya kutoa dawa ina leseni. Muuguzi wa kigeni anatakiwa asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari na Baraza la Madaktari, hata akija kwa mwezi mmoja. Asiye na taaluma anaweza kupanga foleni, kuandika majina akisaidiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, kushika mbao ya kupimia urefu, kuonyesha kunawa mikono kwa maji yanayotiririka. Kipimo cha haki ni hiki: je, kwao angeruhusiwa kuifanya kazi hiyo akiwa na umri huo na elimu hiyo? Zungumza na yule muuguzi wa zahanati. Yeye ni shahidi, na ana mamlaka kwenye eneo lake ambayo wewe huna.

Kuna mawili ambayo siwezi kuyaweka kwenye mizani ya faida na hasara. Wasichana kutoka na mgeni mpaka saa tatu usiku bila mlezi, na kadi za CTC kuonekana mtandaoni. Walirudi salama, ndiyo, na huenda yule mgeni alikuwa na nia njema kabisa. Lakini mlango ulioachwa wazi kwa mwema uko wazi pia kwa mwingine. Umewauliza wasichana, kila mmoja peke yake, kwa sauti ya kawaida, siku ile ilikuwaje? Usiwaongoze, usiwatishe, wasikilize tu. Wakisema jambo lolote la kukushtua, halisubiri Oktoba: ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ofisa ustawi, au namba 116, ambayo ni bure. Kuhusu kadi, siri ya hali ya VVU inalindwa na sheria ya mwaka 2008, na wewe unajua kwa nini huku kwetu lina uzito. Utafiti wa taifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe na 11.3 Iringa, juu kuliko mikoa mingine yote. Karibu kila nyumba ina mtu anayeitambua kadi ile akiiona. Dawa zigawiwe na mlezi, kabati lifungwe, na picha iombwe ifutwe leo. Hilo unaweza kumwomba mwenyekiti bila kumgusa mgeni yeyote, na sidhani atakukatalia.

Sasa kikao. Umejiona una njia mbili, kusema uongo au kuvunja makao. Ipo ya kwenda kwa mwenyekiti kabla, faragha, ukamwambia: Mzee, sentensi ile siwezi kuisema, lakini ninazo namba, naomba nizisome mimi badala yake. Mtu akikutwa na hoja kikaoni hujitetea. Akiipata mapema anaweza hata kuifanya yake. Methali aliyokujibu ina mwanzo mzuri: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye makao hayo mwenyeji ni Baraka. Muulize kwa upole kama amepona.

Hatari ni kwamba akijua mapema anaweza kukuondoa kwenye ratiba akampanga mwingine. Ndiyo maana kabla ya kumwona yeye ningependa uketi na walezi wenzako watatu. Wanaosema una wivu wanalala kwenye mabweni hayo hayo. Huenda nao wameona vitanda vilivyolowa na hawajapata neno lake. Kauli ya walezi wanne haifutiki kirahisi kama ya mmoja.

Anza daftari. Tarehe, mtoto, kilichoonekana. Andika "alikula vijiko vinne", usiandike "alikuwa na huzuni". Uzito wa wale tisa wote kila mwezi, usiwe wa Baraka peke yake. Nane wakiwa wamepanda na mmoja amelala, hilo ni jambo la mtoto mmoja na kituo cha afya. Watano wakiwa wamelala, hilo ni jambo la makao, na mwanzo wake unaweza kuwa jikoni kabla ya kuwa kwa wageni. Uwe tayari kwa majibu yote mawili.

Ustawi wa jamii nao usiuone kama bunduki ya mwisho. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni za makao za 2012, makao yana leseni na ofisa wa halmashauri anapaswa kuyatembelea na kujua mpango wa kila mtoto. Kumwuliza ofisa utaratibu wa wageni ukoje ni sehemu ya kazi yako. Wala Tanzania si ya kwanza kuhoji: Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, hasa zikiwa sehemu ya utalii. Hatari yake unaijua. Makao yakikutwa na kasoro nyingi yanaweza kufungiwa, na kufungwa kwa haraka bila mipango huwaumiza watoto hao hao. Kwenda na mapendekezo mkononi ni tofauti na kwenda na malalamiko matupu, ila yale mawili niliyoyatenga hayahitaji pendekezo.

Kuhusu ajira, tafuta mkataba wako usiku huu uone umeandikwa nini. Ukiachishwa bila sababu ya haki una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hupotea upesi kwa watu wanaosubiri hasira ipoe. Na kuacha kimya kimya ni haki yako. Umechoka, na una wawili sekondari. Sitakuambia ubaki. Nakuomba tu ukifikia hapo, Baraka aambiwe. Anayeondoka, awe wewe au mgeni, asitoroke mtoto akiwa amelala. Weka punje saba za maharage kwenye kikombe, kila asubuhi toeni moja pamoja, siku ya mwisho aagwe kwa jina, na mlezi wake awe amemshika. Asiahidiwe kwamba mtu atarudi kama hatarudi.

Nimebakiza bibi wa Kilolo. Umemwandika kwa mstari mmoja, na inaelekea hata kwenye mazungumzo ya makao ana mstari mmoja tu. Ni mwanamke anayebadilisha mabasi kutwa nzima ili akae saa moja. Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi, na waliofaidika zaidi ni waliotoka wakiwa bado wadogo, hasa kabla ya miaka miwili. Baraka ana mitatu. Muda wake haujaisha, ila unakwenda. Sijui afya ya bibi, wala kama nyumba inavuja, wala kama kuna wajomba wasiomtaka mtoto. Kama hawezi, halmashauri ina utaratibu wa familia za kuaminika na wa malezi ya kambo. Kama anaweza nusu, ofisa ustawi anaweza kutazama kama kaya yake imo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na kumtembelea kabla ya lolote.

Akija safari hii na viazi vyake, mwandalie chai, umkalishe Baraka mapajani mwake, na umwulize: Bibi, ungehitaji nini ili huyu alale kwako, tuseme siku za Krismasi tu kwanza? Atakachojibu kiandike kwenye daftari lile lile, kwa maneno yake mwenyewe.